Gitaa la Pesa za Karo

Januari mwaka jana nilikuwa na shilingi 52,000 kwenye simu, na chuo kilikuwa kinanidai 74,000. Hesabu haikuwa ngumu. Zilipungua 22,000, yaani miezi miwili au mitatu ya kuandika usiku na kula ndengu, kisha ningelipa deni, nipewe kadi ya mtihani, nirudi kumaliza mwaka wa tatu niliouacha katikati. Badala yake nilipanda matatu ya Rongai nikaenda kununua gitaa.

Najua inavyosikika. Nimejaribu kuieleza kwa njia nyingi, kwa marafiki na kwangu mwenyewe nikioga, na haijawahi kusikika vizuri. Kwa hivyo acha nieleze tu ilivyokuwa.

Kati ya zile 52,000, elfu 34 zilikuwa zangu. Elfu 18 zilikuwa za mama. Zamu yake kwenye chama ilipofika, alinitumia zote bila kutoa hata ya sukari, na ujumbe wa maneno mawili: "Ya karo."

Zile zangu nilizipata kwa kuandika. Siku hizi naandikia watu maelezo ya bidhaa na makala za tovuti, lakini wakati ule nilikuwa naandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Unakodi akaunti ya mtu, unalipwa mia tatu kwa ukurasa, unakesha. Nimeandika kuhusu uuguzi wa wagonjwa wa kisukari, sheria ya mikataba ya Uingereza, na usimamizi wa hoteli ambazo siwezi kulala hata usiku mmoja. Kuna mteja mmoja wa Marekani niliyemfanyia kazi karibu mwaka mzima. Siku moja mwezi wa Desemba akatuma ujumbe: amemaliza, anahitimu, asante sana kwa msaada. Nilikuwa kitandani kwa keja yangu Zimmerman, stima imepotea, simu ina asilimia tisa. Nikamjibu hongera. Kisha hizo asilimia tisa nikazitumia zote kutafuta gitaa.

Si gitaa lolote. Nilijua ninachotaka tangu nikiwa kwaya ya vijana.

Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mpiga gitaa kavu kule Butere. Alipiga omutibo, mtindo ule uliompa George Mukabi jina: kidole gumba kinatembea na besi, vidole vingine vinaimba juu, na mtu kando anagongagonga chupa ya Fanta kushika mdundo. Nilijifunzia kwenye gitaa lake likiwa na nyuzi nne tu kati ya sita. Baadaye nilipokuja Nairobi kanisa lilikuwa na gitaa la umeme, lile la ubao mzito usio na uwazi ndani. Ukilichomeka linanguruma. Ukilichomoa linalia kama mbu. Niliupenda umeme, lakini nilikosa lile tumbo, ile hisia ya mbao kutetemeka kifuani ukipiga.

Kuna gitaa linalokaa katikati ya hayo mawili. Kwa nje linafanana na gitaa la kale la jazi, lina mabega mawili ya mviringo na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Kwa ndani pande zote mbili ni tupu, lakini katikati limepita gogo moja la mbao kutoka shingoni hadi mwisho. Ndiyo maana mimi huliita nusu tupu. Gogo lile lina kazi yake. Gitaa lililo tupu kabisa likichomekwa kwenye amplifaya na sauti ikapanda, hewa ya ndani hutetemeka na kuanza kupiga kelele yenyewe, kama ule mlio wa kuudhi kanisani maikrofoni ikikaribia spika. Gogo hutuliza kelele hiyo, na pande zile tupu hubakiza joto la sauti ya mbao. B.B. King alipiga magitaa ya ukoo huu na kuyaita Lucille.

Hadithi ya gogo hilo naipenda kuliko gitaa lenyewe. Mapema miaka ya 1940 huko Marekani, Les Paul alichukua kipande cha msonobari cha inchi 4 kwa 4, akakitia nyuzi na pikapu. Pikapu hapa si ile ya kubeba ng'ombe, ni ile sumaku iliyo chini ya nyuzi inayogeuza mtetemo kuwa umeme. Kilitoa sauti aliyoitaka, lakini alisimulia kwamba watu walipomwona jukwaani na kipande cha ubao hawakuvutiwa. Akachukua gitaa la Epiphone, akalipasua, akabandika mabega yake kando ya ule ubao. Sasa likaonekana gitaa, na watu wakalipokea. Mwaka wa 1958 Gibson walitoa ES-335, ambalo gogo lake liko ndani na mabega yake ni ya kweli. Hilo likiwa jipya leo linapita dola 3,000. Lakini kampuni hiyohiyo ndiyo inayomiliki Epiphone, na Epiphone walitengeneza ndugu yake wa bei nafuu aliyeitwa Dot, kwa sababu ya vile vidoti vyeupe shingoni. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Na lina jambo moja la kumfaa mtu wa keja: hata bila amplifaya unajisikia, na jirani hakusikii.

Nililiona Januari kwenye tangazo. Epiphone Dot, rangi ya cheri, limetumika, shilingi 45,000, Rongai.

Muuzaji alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Chumba kilikuwa kimeshafungwa kwenye magunia na masanduku. Alifungua mlango akaangalia nyuma yangu kama anayetafuta mtu mwingine.

"Siste, unanunulia nani?"

"Mimi."

"Aah. Sawa. Karibu."

Aliniambia anaenda Doha Alhamisi, kazi ya ulinzi. Ukutani kulibaki kitu kimoja tu kisichofungwa: cheti chake cha digrii ya uhasibu, ndani ya fremu. Nilikiangalia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akaona. "Hiyo naachia mathe," akasema. "Doha hawajaiitisha."

Nilikuwa nimesoma wiki nzima jinsi ya kukagua gitaa la mkono wa pili. Nilifumba jicho moja nikaangalia shingo kutoka kichwani kama fundi anayepima ubao, nikaona imenyooka. Nilimulika tochi ya simu kwenye tundu la f kuhakikisha gogo lipo, kwa sababu Epiphone wana gitaa jingine, Casino, linalofanana na hili kwa macho lakini halina gogo, na sikutaka kuuziwa moja kwa jina la lingine. Gogo lilikuwepo. Nilipiga kila uzi kwenye kila freti kutoka juu hadi chini, nikisikiliza uzi unaozizima au kukwaruza. Uzi wa tatu kwenye freti ya kumi na nne ulikwaruza kidogo. Nikalichomeka kwenye amplifaya yake ndogo. Sauti ikatoka, nene na tamu, kisha nikaegemea kidogo ikakatika. Nikausukuma waya, ikarudi. Nikasogea, ikakatika tena.

"Hiyo ni soketi," akasema. "Kitu ya mia moja tu."

"Kama ni ya mia moja, mbona hujatengeneza?"

Akacheka. Tukaanza kuongea bei. Nilianza na thelathini, akaenda arobaini, nikarudi kwenye soketi. Tukakutana 36,000.

Nilipokuwa naingiza namba ya siri nilipiga hesabu nyingine, ile ya mwizi. Elfu 34 ni zangu. Kwa hivyo natoa elfu mbili tu za mama. Elfu mbili nitarudisha kwa kurasa saba. Nikabonyeza.

Kesho yake nilipeleka gitaa Luthuli, kwa fundi wa redio ambaye kibanda chake ni upana wa mlango. Alikuwa kijana kama mimi. Alilichukua, akalipindua nyuma, akapapasa, akalirudisha mbele.

"Hii kitu haina mlango."

Na kweli halina. Gitaa la ubao mzima huwa na kifuniko mgongoni au usoni. Unafungua skrubu, unaona nyaya zote. La kwangu mgongo ni mbao laini tupu. Kila kitu kilicho ndani, soketi, swichi, nyaya, kiliingizwa kupitia tundu la f, na njia ya kutoka ni hiyohiyo. Fundi alitaka elfu mbili na hakuonekana kama anayejua atakachofanya. Nikamwambia nimeona inavyofanywa, tujaribu pamoja, nitampa mia tano na ninunue soketi mwenyewe. Soketi ilikuwa mia moja na hamsini duka la pili kutoka hapo.

Inavyofanywa ni hivi. Kabla ya kuisukuma soketi ya zamani ndani, unaifunga uzi imara, ncha moja ibaki nje. Unalegeza nati, soketi inazama tumboni, na unaivua kupitia tundu la f kwa kijiwaya kilichopindwa kama ndoana. Unalehemu soketi mpya, unahamishia uzi kwake, halafu unavuta ule uzi polepole ili soketi isafiri gizani hadi kwenye shimo lake. Uzi ukifunguka njiani, pole.

Ulifunguka. Mara ya kwanza na ya pili. Fundi alikuwa anamulika, mimi navuta, watu wa foleni wanatoa ushauri. Mzee mmoja aliyekuja na redio yake alisema tulipake uzi gundi kidogo kwenye fundo. Tulifanya hivyo. Saa mbili baada ya kuanza, kile kichwa cha chuma kilichungulia kwenye shimo na fundi akakishika kwa koleo kama mkunga. Tukalichomeka kwenye spika ya kibanda. Nikapiga kipande cha babu. Mdundo ule wa gumba ulitoka na umeme ndani yake na mbao ndani yake, na yule mzee akasema, "Hiyo ni ya kwetu," akarudi kwenye redio yake.

Ningetamani kuishia hapo.

Pesa iliyobaki, zile 16,000 za mama, hazikukaa. Pesa ya karo inalindwa na jina lake. Ukishaivunja hata kwa elfu mbili, jina linatoka, inabaki pesa tu, na pesa tu huliwa. Elfu sita zilienda kwa landilodi. Nyuzi mpya, tokeni, unga, mafuta. Kufikia Machi zilikuwa zimeisha. Mama alipiga simu kuuliza kama nimefungua shule. Nikasema bado mfumo unasumbua. Nilisema hivyo mara tatu, na kila mara alinipa pole. Hizo pole ndizo zilizonimaliza.

Pasaka nilienda nyumbani na gitaa. Ningeweza kuliacha Nairobi, lakini nilishachoka. Mama alikuwa anachambua mboga nje. Aliliona begani mwangu kabla hajaniona mimi.

"Hiyo ni karo?"

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Aliingia jikoni. Tulikula bila maneno, na usiku nikamsikia akitembea. Mimi sikuwa nimewahi kujiuliza gitaa lilimaanisha nini kwake. Kwangu babu alikuwa mzee wa gitaa. Kwake alikuwa baba aliyeenda kupiga harusini Ijumaa na kurudi Jumanne bila pesa, na yeye alitoka shule darasa la saba kwa karo ambayo haikupatikana. Haya aliniambia asubuhi, polepole, akikamua ng'ombe, bila kuniangalia.

Nilijitetea vibaya. Nikasema nilitoa elfu mbili zake tu.

"Sikukupa ya gitaa, mama," akasema. Huniita hivyo akiwa amechoka nami au ananipenda, na mara nyingi ni vyote viwili. "Nilikupa ya shule. Kwa hivyo ni elfu kumi na nane."

Jioni aliniambia nipige. Hakukuwa na cha kuchomeka, nikapiga hivyohivyo, kavu. Alisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye leso. "Hapo katikati baba hakuwa na haraka," akasema. Kisha akauliza kwa nini kuna alama ya gundi kwenye shimo la waya. Nikamsimulia Luthuli, uzi, yule mzee na redio. Alicheka mahali pa uzi kufunguka mara ya pili.

Sitakudanganya kwamba gitaa limejilipa. Kila Ijumaa mbili napiga kwenye hoteli moja Roysambu, 1,500 na chakula, na kuna Ijumaa wanasema njoo kesho uchukue. Niliacha kuandikia watu digrii zao. Hilo sijui kama ni gitaa au ni aibu. Deni la chuo bado ni 74,000. Nikimkumbuka yule jamaa wa Doha, najiambia cheti hakina maana. Nikimkumbuka mama, najua ni maneno ya mtu aliyekaribia kukipata. Les Paul mwenyewe alilazimika kubandika mabega ili watu wamsikilize. Mama anataka niwe na mabega, na hajakosea.

Hadi sasa nimemrudishia 11,000. Mwezi uliopita nilituma elfu mbili. Akajibu, "Imefika." Baada ya dakika kama tano ukaja ujumbe wa pili: "Ile soketi bado iko sawa?"