Anayesinya Ndiye Asome

Ukivaa gile ya shirika kambini, siku tatu tu watu wanaanza kukuita avoka. Hata kama gile yako ni ya kugawa sabuni. Mimi nimeitwa hivyo mara nyingi, na kila mara najibu: mama, mimi ni volontere tu, avoka ni yule mwingine. Shida ni kwamba yule mwingine watu wengi hawajawahi kumwona.

Leo nataka tuongee juu ya wale walio katikati ya mkimbizi na avoka. Tanzania wanaitwa wasaidizi wa kisheria. Sisi huku Bujumbura tumezoea Kifaransa, tunasema parajuristi. Ni vijana kama sisi, wengi wamemaliza sekondari, wamepewa mafunzo ya siku chache na kalamu. Wanasikiliza, wanatafsiri, wanaandika maelezo ya mtu, wanapeleka dosiye. Bila wao kazi haiendi, nasema wazi. Avoka mmoja hawezi kusikiliza kambi nzima. Lakini avoka akimpa kijana kazi yake, hajampa na wajibu wake. Wajibu unabaki kwa avoka, na hapo ndipo naona mambo yanaharibika.

Mama mmoja wa Kalemie (jina sisemi, wala kambi, wala shirika) aliomba hifadhi, kesi yake ikasikilizwa peke yake, akakataliwa. Barua ilikuwa kwa Kifaransa, akaniletea nimsomee. Sababu: maelezo yake yanapingana. Kwenye ukurasa wa kwanza wa dosiye baba yake ameuawa. Kwenye ukurasa wa tatu baba yake ndiye aliyemvusha ziwa.

Wewe uliyekulia kwenye Kiswahili umeshaelewa. Aliyemvusha ziwa ni baba mdogo. Mama alisema "baba mdogo" mara ya kwanza, halafu akaendelea kusema "baba", kama tunavyosema sote. Parajuristi akaandika "père" huku na huku.

Haikuishia hapo. Mama alieleza kwamba watu wenye silaha waliingia nyumbani saa mbili usiku. Kwenye dosiye ikaandikwa "2 heures", ambayo kwetu ni saa nane, watu wote wamelala. Siku ya mahojiano mkalimani mwingine akatafsiri vizuri, saa 20. Basi mbele ya tume mama akaonekana ana baba wawili, na usiku wake ni wawili pia.

Chini ya dosiye kuna muhuri na sinyatire ya avoka. Nikamuuliza mama, huyu ulikaa naye? Akaniambia: "Mwana yangu, ule hata sijue kama ni mwanaume ao mwanamuke."

Nilimtafuta yule parajuristi. Kijana wa umri wangu, mpole, si mtu mbaya. Aliniambia wakati ule alikuwa anaandika dosiye mpaka mkono unauma, avoka anakuja mara moja kwa mwezi, anasinya rundo lote, anarudi mjini kabla giza halijaingia. Hakuna hata siku moja alionyeshwa kosa, kwa hiyo akadhani hakuna kosa. Mama alipokataliwa na watu wakaanza kulalamika, shirika lilimwondoa yeye. Avoka akaendelea na kazi. Mpaka leo hiyo inaniuma kuliko hata ile barua.

Maana sheria na kanuni zenyewe haziko hivyo. Kenya wana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016: parajuristi anafanya kazi chini ya usimamizi wa wakili au wa taasisi iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. Tanzania walitunga ya kwao mwaka 2017, ikamtambua msaidizi wa kisheria, na ikamkataza kujifanya wakili au kutoza mtu pesa. Umoja wa Mataifa, Desemba 2012, ulipitisha misingi yake ya msaada wa kisheria, na pale wanapoongelea parajuristi wanataja mambo mawili pamoja: wafundishwe, na wasimamiwe na wanasheria wenye sifa. Malawi, ambako tangu mwaka 2000 parajuristi wanaingia magerezani kusaidia wafungwa, imeonyesha kwamba watu wasio mawakili wanaweza kufanya kazi kubwa wakiwekewa mipaka inayojulikana.

Ila iliyonifungua macho zaidi ni kanuni ya mbali, ya chama cha mawakili wa Marekani, namba 5.3. Inasema wakili anayemsimamia mtu asiye wakili lazima achukue hatua za maana kuhakikisha mwenendo wa mtu huyo unaendana na maadili ya kazi ya wakili. Na kama wakili amejua kosa wakati madhara yake bado yanaweza kuzuiwa, akanyamaza, kosa linakuwa lake. Nilipoisoma nilijiuliza: na yule anayesinya bila kusoma ili asijue? Kwangu mimi huyo ni mbaya zaidi. Amefunga macho mwenyewe.

Kuna rafiki yangu wa shirika fulani ambaye hakubaliani na mimi. Anasema mawakili ni wachache, wakianza kusoma kila karatasi foleni itafika Gatumba. Naelewa. Lakini hakuna anayeomba avoka aandike kila mstari. Tunaomba maelezo yasomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe, kwa lugha yake, kabla ya sinyatire. Saa moja inatosha. Tena kuna dosiye ambazo kijana hapaswi kuachiwa peke yake kabisa: mtoto asiye na mzazi, mwanamke aliyebakwa, rufaa yenye siku zinazohesabiwa. Na kosa likionekana, kijana aitwe aonyeshwe, asije akalirudia kwa watu wengine hamsini.

Halafu kuna siri. Hii watu wa ofisini hawaioni kama sisi tunavyoiona. Avoka akimaliza kazi anapanda gari. Parajuristi anabaki, anachota maji kwenye bomba moja na mtu aliyemwambia asubuhi kwamba aliwahi kubebeshwa bunduki porini. Avoka amekula kiapo cha kutunza siri. Kijana nani amemwapisha? Kama avoka hajakaa naye akamfundisha nini hakitoki nje ya ile meza, siri ya mteja inatembea kambini na mwenye jukumu ni avoka. Matabishi nayo ni vilevile. Mtu akileta kuku wa shukrani, kijana ambaye hajawahi kuambiwa kitu ataona ni heshima tu ya kwetu. Yule anayengoja nyuma kwenye foleni ataona ni bei.

Sheria ya hifadhi ya Burundi inampa aliyekataliwa nafasi ya kukata rufaa. Yule mama alipata avoka mwingine, mwanamke, ambaye alikaa naye asubuhi mbili nzima. Aliomba na yule kijana aliyeondolewa aje, ingawa sasa anaendesha piki mjini na hakuna aliyemlipa. Alikuja. Wakapitia ukurasa kwa ukurasa, mama anasema, kijana anakumbuka alivyosikia, avoka anauliza: "baba yupi?" Kila mara "baba" ilipotokea aliuliza hivyo. Mama mwishoni akawa anacheka.

Jibu la rufaa halijatoka. Mama ananiuliza kila tukikutana sokoni, na mimi namwambia bado.

Nyinyi mnaoambiwa wiki hii mje mchukue gile na kalamu, ulizeni kwanza avoka ni nani na simu yake ni ipi. Mkijibiwa kwamba avoka yupo mjini, msiwe na wasiwasi, ulizeni anakuja siku gani, na anakaa saa ngapi.