Vifaa vya Mtu wa Kati

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kutoka kundi la nchi zenye kipato cha chini hadi daraja la chini la uchumi wa kati. Kizingiti cha mwaka ule kilikuwa dola 1,036 za pato la taifa kwa kila mtu. Sisi tulikuwa na dola 1,080. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilitarajia tufike hapo miaka mitano baadaye. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika makongamano yetu: mtu wa kati anapaswa kutumia vifaa gani?

Mwanagenzi anajulikana mahitaji yake. Hupewa chombo chepesi, kisichodhuru, na hakuna anayemcheka. Bingwa naye anajulikana. Hutengenezewa chombo chake, na picha yake hubandikwa dukani. Aliye baina yao ndiye mwenye mashaka. Anajua mambo ya kutosha kuona haya kutumia chombo cha wanaoanza, lakini hajui ya kutosha kukimudu chombo cha mabingwa. Ndiye pia aliye wengi. Namwomba msomaji anivumilie, kwa maana nitalifikia taifa kwa kupitia baiskeli ya kijana mmoja wa Kwihara.

Kijana huyo ni mpwa wangu. Alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita, na sasa hupeleka mboga Tabora mjini alfajiri, kisha hurudi na sukari, sabuni na chumvi za genge la mama yake. Baiskeli aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya marehemu baba yake, na fremu yake imekwisha kuungwa mara kadhaa. Fedha za kununua nyingine zilitoka mifuko mitatu: akiba yake, karanga alizouza dada yangu, na nyongeza niliyoombwa niitoe. Hapakuwa na fedha za baiskeli ya pili endapo ya kwanza isingefaa. Akanipigia simu.

“Shikamoo mjomba. Nimeiona moja ya mtumba, ya gia, nyepesi kama karatasi.”

“Marahaba. Tairi zake zina upana gani?”

“Nyembamba kama kidole. Ndiyo maana inakimbia.”

“Inakimbia wapi?”

“Kwenye lami, mjomba.”

“Na kutoka nyumbani hadi kwenye lami?”

Akanyamaza kidogo. “Kuna kichanga,” akasema.

Swali lile la upana wa tairi sikulitoa katika vitabu vya taaluma yangu. Nililipata mbali na Unyamwezi. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Ulaya, wenzangu wa idara walizoea kwenda milimani wakati wa baridi, wakateleza mteremkoni kwa skii, yaani zile mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni. Niliwafuata kwa majira mawili. Sikupata kuwa bingwa. Nilifika pale panapoitwa daraja la kati, mahali ambapo mtu anaweza kukata kona na kusimama apendapo, ilimradi mlima usiwe mkali mno.

Kilichonivutia zaidi ya mchezo wenyewe ni namna vifaa vinavyochaguliwa. Mtu hakuulizwa anapenda rangi gani. Urefu wa skii ulilinganishwa na mwili: aliye wa kati aghalabu hupewa zinazomfikia baina ya kidevu na pua, kwa sababu fupi hugeuka kwa urahisi na ndefu hutulia katika mwendo wa kasi. Upana ulichaguliwa kwa kutazama theluji. Iliyoshindiliwa na mashine hutaka skii nyembamba, zisizozidi sana milimita 80 chini ya kiatu; iliyo laini na yenye kina hutaka pana zaidi, ili zielee. Ugumu wa skii ulifuata uzito na ustadi. Iliyo ngumu humtii bingwa anayekwenda kasi, lakini humwadhibu asiye na nguvu ya kuipinda. Iliyo laini husamehe makosa.

Jambo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Kiatu hushikwa kwenye skii kwa kibano chenye springi, na kibano hicho kimeundwa ili kifunguke mtu anapoanguka, mguu usije ukavunjika. Fundi hukikaza kwa kutazama uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya kiatu na daraja la mtelezaji. Madaraja ni matatu, na mteja ndiye anayejitaja. Anayejiandika bingwa hukazwa zaidi, kwa kuwa bingwa hahitaji kibano kinachofunguka kwa kila mtikisiko. Basi anayejikweza kwa kuona haya mbele ya wenzake hujifunga kwa mkono wake mwenyewe: siku ya kuanguka kibano hukataa kufunguka, na mfupa hulipa gharama ya maneno.

Tabora haina theluji, lakini ina kichanga, na kichanga na theluji laini hufuata kanuni moja. Uzito ukikaa juu ya eneo dogo huzama; ukitandazwa juu ya eneo kubwa huelea. Tairi nyembamba kama kidole, inayosifiwa kwenye lami, huchimba mtaro katika njia za vijijini, na usukani ukayumba pale pale mzigo unapohitaji utulivu. Masika yakiingia, kati ya Novemba na Aprili, mbugani kichanga hubadilishwa na tope jeusi linalonata.

Kwa hiyo nilimshauri mpwa wangu aende kwa fundi na maswali manne. La kwanza ni la mwili: asimame akiwa ameipanua miguu juu ya fremu, nyayo zote mbili chini, na bomba la juu lisimguse, kisha akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama. La pili ni la njia: tairi za upana wa karibu inchi 2 zingemfaa kuliko zile za mashindano. La tatu ni la mzigo: keria ya chuma iliyofungwa kwa nati, spoku nene nyuma, na breki zinazoshika hata ringi zikiwa na maji. La nne ni la matengenezo: kikivunjika kipuri fulani, kitapatikana Tabora, au kitasubiriwa kutoka mbali?

Swali hilo la nne ndilo lililoiondoa baiskeli ya gia. Gia ni kitu kizuri milimani, lakini sehemu kubwa ya Unyanyembe ni uwanda ulio juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mteremko wake ni mdogo. Humo gia nyingi hupata kazi ndogo na vumbi jingi. Baiskeli nzito ya kizamani ya magurudumu ya inchi 28, ambayo babu zetu waliizoea, nayo ilikuwa ndefu kwa kimo chake. Alichonunua hatimaye ni baiskeli ya mtumba ya fremu ya chuma, ringi za inchi 26, tairi pana na gia moja. Rafiki zake walimwambia ni ya mtu mzima. Anapeleka mboga, na zinafika.

Hekima hii si ngeni katika njia ile. Kwihara ilikuwa kituo cha misafara. Ndipo Livingstone na Stanley walipoagana mwaka 1872, na tembe lao limekuwa makumbusho. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba. Katika safari hizo Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa upagazi, na upagazi wao ulikuwa na madaraja. Kijana alianza na mzigo mdogo, akijifunza kambi, maji na mwendo. Mpagazi kamili alibeba kama ratili 60 hadi 70, yaani karibu kilo 30, kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka bara hadi pwani. Wabeba pembe za ndovu walitembea mbele kwa majivuno, na mbele yao alitangulia kirangozi. Hakuna aliyempa kijana pembe kubwa ili kumheshimu. Hata neno mtumba, tunalolitumia leo kwa nguo na baiskeli zilizokwisha kutumika ng'ambo, hapo zamani lilikuwa jina la robota la nguo lililofungwa kwa kipimo cha bega la mpagazi.

Sitaki kuipamba njia ile. Watu waliotiwa utumwani walipitishwa humo humo, na pembe ilibebwa kwa faida ya wengine. Ninasema tu kwamba waliobeba walijua kupima mzigo, na walioleta vifaa kutoka mbali mara nyingi hawakujua. Mwaka 1879 tembo wanne waliofunzwa walishushwa pwani kutoka India kwa amri ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ili wajaribiwe mahali pa wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Miaka kama sabini baadaye ikaja karanga. Serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, magharibi ya Tabora. Mashine zilikuwa za mabingwa kweli kweli: matrekta makubwa yaliyobaki baada ya vita, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu, ikavila vyuma. Vipuri vilikuwa mbali, na mafundi walikuwa wachache kuliko mashine. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Wakati huo huo, mkulima wa Unyamwezi aliendelea kulima karanga zake kwa jembe la mkono, akivuna kidogo lakini akivuna. Sisemi kwamba jembe la mkono latosha, halitoshi. Baina ya jembe na kifaru palikuwa na plau ya ng'ombe, trekta dogo, mbegu bora na barabara ya kufikia reli. Hapo kati ndipo palipopuuzwa.

Tuliowarithi wakoloni hatujaiacha tabia hiyo, na kwa kuwa sasa tunaitwa wa kati, kishawishi kimezidi. Ninaiona chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hujaza tasnifu yake nadharia za wanazuoni wakubwa wa ng'ambo asizozimudu, wakati angeweza kuhesabu vizuri kaya za kijiji chake na kutuambia jambo jipya. Ninaiona katika ofisi za umma, ambako mashine hununuliwa kwa kuangalia ilikotumika, na hakuna aliyeuliza nani ataitengeneza ikiharibika. Ninaisikia katika hotuba zinazolitaja daraja la kati kana kwamba ni kilele, na kulisahau neno dogo linalofuata: la chini. Tulikivuka kizingiti kwa dola 44.

Daraja lina kibano chake pia. Kadiri nchi inavyopanda kipato ndivyo masharti ya mikopo yanavyoelekea kukaza, na misaada ya bure kupungua. Ni haki, kwa kuwa mwenye nguvu hutarajiwa kusimama mwenyewe. Lakini haki hiyo huwa ya kweli pale tu nguvu tuliyojiandikia inapokuwa ipo miguuni. Tukijitaja juu ya uwezo wetu ili tupigiwe makofi, tutakuwa tumeomba tukazwe, na atakayevunjika mguu siku ya kuanguka si yule aliyejaza fomu. Atakuwa dada yangu na karanga zake.

Kuna watakaosema kwamba mawazo haya ni ya kukata tamaa, kwamba taifa linalojipima kila siku halitathubutu. Naona kinyume. Chombo kinachomfaa mtu wa kati hakimbakishi katikati. Skii ya daraja hilo huwa ngumu kidogo kuliko ile ya wanaoanza, ili impe nafasi ya kukua. Baiskeli ya mpwa wangu ina keria inayoweza kubeba zaidi ya anachobeba leo. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na wala hawakusema mkono wake usirefuke.

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, wabunge wetu hukaa Dodoma kujadili bajeti, na madiwani huwa wamekwisha kuipitia mipango ya halmashauri zao. Ningependa kila chombo kinachoombewa fedha humo, kiwe basi, mtambo wa hospitali, programu ya kompyuta au trekta, kiulizwe yale maswali manne ambayo kijana wa Kwihara alimuuliza fundi: nani atakiendesha, katika njia ipi, kwa mzigo gani, na nani atakitengeneza hapa hapa. Msomaji unayemjua diwani wako, muulize. Asipokuwa na jibu la swali la nne, mwambie fedha zisitoke kwanza.