Grupu ya bei ndogo au ya bei kubwa? Tulipiga hesabu hivi



Tangu tuanze kutumia grupu ya chama, hakuna wiki inayopita bila mama kutuuliza: «Kwa nini mliacha ile ya dola 90 mkachukua ile ya zaidi ya dola 1,000?» Ni swali la haki. Feza ile ni jasho la wote. Mama anayeuza kwanga aliweka yake sawa na mama mwenye mshahara. Basi leo tunajibu kwa maandishi, ili na yule anayetaka kununua ya nyumbani kwake apate pa kuanzia.

Umeme wa mji wetu unatoka kwenye bwawa la mto Tshopo, lililojengwa zamani za Wabelgiji. Mji wa Kisangani umekua sana, lakini mto ni ule ule na bwawa ni lile lile. Mtambo mmoja ukisimama, umeme unagawiwa kwa zamu. Hapa Kapalata giza linatukuta mara nyingi jioni, saa ile watoto wanafungua madaftari.

Chumba chetu kina kazi mbili jioni: kongelateri ya wamama wanne wanaouza samaki, na masomo ya watoto wa mwaka wa sita wanaojitayarisha kwa Exetat. Samaki wakioza, mtaji wa mama umekwisha. Taa zikizimika, mtoto anarudi nyumbani na swali lake halijajibiwa, na siku ya mtihani haimngojei.

Sokoni tulionyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni ile ndogo ya dola 90, inayotoa wati 650 hivi. Haina mahali pa mafuta ya injini. Unachanganya mafuta na esansi, mililita 20 kwa kila lita. Ya pili ni ya kawaida, kubwa kidogo, ya wati 2,000, bei yake dola 300 na kitu. Ya tatu ni ile ya kimya, ya aina ya Honda EU22i, ambayo injini yake inapunguza mwendo yenyewe wakati mzigo ni mdogo.

Ile ndogo ilitoka mapema. Kongelateri yetu inakula wati 150 ikiisha kuzoea, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara tatu au nne ya hapo. Ongeza taa, ongeza simu zinazochajiwa, na wati 650 zinalemewa. Grupu ikilemewa umeme unashuka, na umeme ukishuka mota ya kongelateri inaungua.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo tulichukua chaki. Tunafanya saa 4 kila jioni, jioni 26 kwa mwezi: jumla saa 104. Jirani mwenye grupu ya kawaida alituruhusu kupima kwake kwa mzigo unaofanana na wetu: lita moja iliisha kwa saa moja na dakika chache. Tuseme lita 0.9 kwa saa. Ile ya kimya ina tanki ya lita 3.6, na kwa robo ya mzigo inakwenda saa 8 hivi, maana yake lita 0.45 kwa saa. Kwa saa 104, ya kawaida inakunywa karibu lita 94, ya kimya karibu lita 47. Kila mwezi lita 47 zinabaki mfukoni. Chukueni bei ya lita ya leo kwa wauzaji wa chupa barabarani, mzidishe wenyewe. Kwa bei ya siku ile, tofauti ya dola 700 ingerudi katika mwaka mmoja na kidogo.

Lakini si wote waliokubali. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alisimama akasema: «Ile ya kawaida ikiharibika, fundi wa chini ya muembe anaitengeneza. Buji, kamba, kabureta, vyote vinafika toka Butembo kwa barabara ya taifa namba 4. Hii yenu ina kadi ya elektroniki ndani. Ikiungua, nani ataifungua?» Alisema kweli, na hatukuwa na jibu la kumshinda. Tulichoweza ni kuweka masharti: kila saa ya kazi, franka 500 zinaingia katika bahasha ya matengenezo, na bahasha hiyo haiguswi kwa likelemba wala kwa matanga. Tukapiga kura. Wamama wawili walisema hapana mpaka mwisho, na tunawaheshimu, kwa sababu wao ndio wanaouliza kila mwezi bahasha imefika wapi.

Kwa hiyo, mama, usiulize kwanza bei ya dukani. Uliza utaiwasha saa ngapi kwa mwezi. Anayewasha kwa sikukuu na matanga tu, ile ya kawaida inamtosha; esansi atakayookoa haitalipa ile tofauti hata kwa miaka kumi. Anayewasha kila jioni kwa biashara, hesabu inamwelekeza kwenye ile ya bei kubwa. Na mwenye taa tatu na simu mbili asinunue grupu hata moja: paneli ndogo ya jua na batri yake zinamfaa zaidi.

Ukienda kununua, soma jina herufi kwa herufi, maana kuna majina yanayofanana na yale makubwa. Omba iwashwe na mzigo, si tupu. Uliza kama nyaya za ndani ni za shaba au za aluminiamu. Shaba inavumilia joto zaidi. Esansi ya chupa uichuje kwa kitambaa safi, kwa kuwa uchafu na maji ndivyo vinavyoziba kabureta.

Neno la mwisho ni zito kuliko feza. Wengi wanaingiza grupu ndani usiku kwa kuogopa wezi, au wanaiweka kwenye koridoo kwa ajili ya mvua. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyoonekana na isiyo na harufu. Inaua watu wakiwa wamelala, na grupu ya bei kubwa inaua sawasawa na ya bei ndogo. Yetu tumeifunga kwa mnyororo nje, mita zaidi ya 6 toka mlango na dirisha, chini ya bati lisilo na kuta. Kwa sababu ina kilo 21 tu na mwizi anaweza kuibeba kwenye toleka, tunalala zamu.

Daftari la saa na la esansi liko mezani katika chumba cha chama. Mama yeyote anaweza kulifungua na kuhesabu tena. Tukiona lita zinazidi zile tulizoandika, tutawaambia hapa hapa.