Harusi, Ndege na Programu ya Bure

Jamani wenzangu mnaotaka kushika kamera, hebu someni kidogo. Dada alipoolewa hapa Hounslow, mama alinyimwa viza, akabaki Tanga. Nikaambiwa, "Wewe ndiye macho yake." Kamera niliazima, programu ya kuhariri ndiyo sikuwa nayo. Premiere Pro unalipia kila mwezi, na mfuko wa mwanafunzi mnaujua. Nikachukua DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatoa video hadi 4K. Tatizo, inataka kompyuta yenye nguvu. Laptopu yangu ilikwama-kwama mpaka nikajifunza kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi: unakata kwenye nakala, halafu mwishoni programu inarudi kwenye video zenyewe.

Kilichonitoa jasho ni sauti. Ndege za Heathrow hazijui kama kuna ndoa. Moja ilinguruma wakati bwana harusi anajibu. Bahati nilikuwa nimemtilia simu mfukoni inarekodi. Nikafuta sauti ya kamera, nikapachika ya simu, nikailinganisha na midomo.

Mama alipiga simu: "Nimemsikia akisema amekubali." Basi.

Kwa hiyo chagua programu moja ambayo laptopu yako inaibeba, na kazi moja ambayo kuna mtu anaisubiri. Mengine utayajulia njiani.