Safari ya Kelowna: Njia Mbili za Kufika kwa Mama Mdogo

Ndugu zetu wa Dzaleka, wakubwa kwa wadogo, sisi tuliokuja Vancouver tu wazima, na baridi tumeanza kuizoea. Mwezi huu tunawaelezea safari ambayo bado hatujaenda, maana hata kuipanga tu kumetufundisha jambo.

Mama mdogo anakaa Kelowna, mji ulio kando ya ziwa Okanagan, jimbo hili hili la British Columbia. Tangu aondoke kambini hajaonana na dada yake, miaka tisa sasa. Kutoka kwetu ni kama kilomita 390, saa nne na kitu kwa gari, milima mitupu.

Kelowna inajulikana kwa matunda na mvinyo. Mwaka 1859 padri Mfaransa, Charles Pandosy, alianzisha misheni pale na kilimo cha matunda kikaanza. Wenyeji, yaani Wasyilx, walikuwepo tangu zamani, na jina Kelowna limetoka kwenye lugha yao, maana yake dubu. Mvua ni kidogo, kwa hiyo mashamba yananyweshewa. Kiwanda cha mvinyo cha kwanza mjini kilifunguliwa 1932, na leo mizabibu imejaa vilimani.

Mama kusikia mvinyo akauliza, "Mnanipeleka kwa walevi?" Tukacheka. Tukamweleza kwamba watu wanakwenda kutembea mashambani na kula chakula, na asiyekunywa halazimishwi. Aliye chini ya miaka 19 hauziwi kabisa, na dereva naye aache kuonja.

Halafu tukatafuta mwezi. Cheri zinaiva Julai, pichi zinafuata mpaka Agosti, matufaha (yale tuliyoita mapomu) na zabibu ni Septemba na Oktoba. Mashamba mengine unaingia na ndoo, unachuma mwenyewe, wanapima kwenye mizani, unalipa. Watoto walitaka Agosti kwa sababu shule zimefungwa. Lakini Agosti ni wakati wa moto wa misitu. Agosti 2023 moto uliunguza nyumba ng'ambo ya ziwa, cheche zikavuka maji mpaka upande wa Kelowna, maelfu ya watu wakaambiwa wahame. Mama mdogo alifunga mabegi akatupigia simu: "Jamani, nakimbia tena?" Nyumba yake ilipona, lakini sauti ile hatujaisahau.

Tukaona pia tuulize kabla ya kuwaahidi watoto matunda. Januari 2024 baridi kali iliua mizabibu mingi, na mwaka ule pichi zilikosekana. Basi tumechagua Septemba, Ijumaa mpaka Jumapili. Tukichelewa ni shida, maana kuanzia tarehe 1 Oktoba barabara zile za milimani zinadai matairi ya baridi, na sisi hatuna.

Sasa ndipo tukafika penye ugumu. Mnaomfahamu Mama mnajua habari yake. Mwaka 1996 tulivuka Tanganyika usiku, kutoka Baraka kwenda Kigoma, na mtumbwi uliombeba kaka yake haukufika. Tangu hapo Mama hajakanyaga ufukwe. Hata hapo Dzaleka, majirani walipokwenda Salima kufuata samaki, yeye alibaki.

Na barabara fupi ya Kelowna inaingia mjini kwa daraja juu ya ziwa. Linaitwa William R. Bennett, lilifunguliwa 2008, na sehemu yake kubwa inaelea juu ya maji. Mdogo wangu akasema, "Tusimwambie. Tupite akiwa amelala." Mke wangu akakataa. Akasema, "Mama amehamishwa mara ngapi bila kuulizwa? Safari hii aulizwe."

Tukatandika ramani mezani. Tukamwonyesha daraja kwa kidole. Tukamwonyesha na njia ya pili, inayopita Kamloops na Vernon, inazunguka ziwa kwa juu bila kulivuka. Inaongeza kama kilomita 130, mafuta zaidi na saa moja na nusu hivi. Tukamwambia pia kwamba hata njia hiyo inapita karibu na maziwa madogo, atayaona dirishani.

Akaangalia muda mrefu. Akauliza, "Ziwa lenyewe kubwa kama letu?" Tukamjibu, hapana Mama, lina urefu wa kilomita 135 hivi, letu linapita 600. Akauliza tena, "Na nyumba ya mdogo wangu iko upande gani?" Tukamwonyesha. Akasema, "Kwenda, mnizungushe. Kurudi nitawaambia huko huko."

Basi ndivyo tulivyopanga. Pesa ya mafuta tumeihesabu kwa njia ndefu kwenda na kurudi, ili asijisikie amelazimishwa. Tukipita darajani, itakayobaki tutanunua sanduku la mapomu.

Wengi wenu mna wazee wanaosubiri kusafiri, iwe kwenda nchi ya mbali au kumwona mtoto kambi nyingine. Ndege na gari vitapangwa. Lakini njia, waulizeni wenyewe kabla.

Mama mdogo anawasalimu majirani wake wote wa zamani. Mungu akipenda, mwezi wa kumi tutawaandikia tulirudi kwa njia gani.