Vidato vya Mninga

Mwaka 1996 nilitengeneza vidato 14 vya ngazi katika nyumba yetu ya Tegeta. Sakafu ya juu aliiweka marehemu baba kwa mbao za mninga, na kaka alitoa sharti moja tu: mguu utoke kwenye ngazi uingie sakafuni bila jicho kuona mpaka.

Nilinunua mninga Keko, Temeke. Mbao za baba zilikuwa zimekwisha kukolea kwa miaka, na asiyejua hukimbilia kupaka rangi. Mimi nilichagua ubao kwa ubao, nikakata kingo nyeupe, maana hizo huliwa na wadudu, nikapiga randa, kisha msasa kwa kufuata nyuzi. Vumbi la mninga halina huruma na pua. Nilipiga chafya wiki nzima. Vanishi nilipaka mara tatu. Vikang'aa! Kaka akaita majirani waje waone.

Siku ya tatu mama aliteleza. Hakuvunjika, ila goti lilivimba.

"Ni kandambili hizi, mwanangu," akasema, akinitetea.

Nami, Mungu anisamehe, nikakubali mbele ya watu kwamba ni kandambili.

Usiku sikulala. Alfajiri nilishika msasa, nikaondoa mng'ao pale pa kukanyagia, kidato kwa kidato. Kaka alinung'unika kwamba sasa havifanani na sakafu. Ni kweli, havifanani hadi leo. Mama alipanda peku, mkono ukutani, akafika juu, akauliza chai iko wapi.