Kutunza Mali ya Watu: Matembezi Yetu Kigoma na Ujiji

Reli ya Kati inaishia Kigoma. Ukishuka katika stesheni ile kubwa iliyojengwa na Wajerumani, mbele yako ni maji. Reli ilifika hapa mwaka 1914, baada ya kukata nchi kwa kilometa zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu, Baikal la huko Urusi, linalolipita kwa kina. Siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo huonekana ng'ambo.

Wageni wengi hufika hapa kwa ajili ya sokwe wa Gombe. Sisi tulikuwa akina mama watano, na tulikuja na haja nyingine. Kila mama mwenye shamba anajua kuwa shamba peke yake halitoshi. Mwaka mvua zikikawia, au bei ya maharage ikianguka, ada za shule hazingoji. Tulikuwa tumesikia kwamba kando ya ziwa kuna familia za wakulima zinazopata riziki ya pili kwa kutunza mali ya watu uani kwa malipo. Tukataka tuone kwa macho yetu.

UA ULIO KARIBU NA MWALO

Kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma uko mwalo wa Kibirizi. Hapa ndipo zinapoondokea boti za kwenda vijiji vya kaskazini, na hapa ndipo dagaa wanaposhushwa asubuhi. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku na ya taa. Mwezi unapokuwa mkubwa taa haziwavuti samaki vizuri, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Siku hizo mitumbwi hulala mchangani, nyavu huanikwa, na injini hupandishwa mlimani mabegani mwa vijana. Injini ya boti ni mali ya thamani kubwa, na mtu hawezi kuiacha ufukweni ilale peke yake.

Tena kuna mapumziko marefu zaidi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Zana za uvuvi zikabidi zikae nchi kavu muda wote huo. Zikae wapi? Mvuvi aliyetoka mbali hana ua mjini. Mkulima anao.

Nyumba moja iliyotukaribisha iko juu kidogo ya mwalo. Baba na mama wana shamba la mihogo na maharage, na michikichi kadhaa ya kukamulia mawese. Mama mwenye nyumba alitutandikia mkeka chini ya mti.

"Karibuni, dada zangu. Msione vibaya harufu ya samaki. Kwetu hiyo ndiyo harufu ya ada za shule."

"Asante, mama. Tumekwisha izoea tangu mjini," tulimjibu, tukacheka sote.

Ua wao umezungushiwa uzio wa miti iliyopandwa kwa karibu. Upande mmoja kuna banda la mabati. Injini zimesimamishwa kwenye mbao, kila moja ikiwa na kibandiko chenye namba. Nyavu zimetundikwa juu, mahali panya hawafiki na jua haliingii, maana jua huozesha nyuzi za nailoni. Nje, mitumbwi imefunikwa kifudifudi juu ya magogo ili mchwa wasiupate ubao. Kazi hii ilianza kwa jirani mmoja kuomba aweke injini yake kwa siku chache. Siku hizi wenye mali hulipa kwa mwezi, na fedha hiyo huingia hata wakati shamba halina kitu.

Mama huyo alituonyesha daftari lake. Lina safu za jina, kitu, namba ya injini, hali yake ilipoletwa, tarehe, malipo na saini. Mwisho kabisa kuna safu moja iliyotushangaza. Juu yake ameandika: "Jina la mke."

Tulimwuliza sababu. Alisema twende kwanza Ujiji tukatazame, halafu tutaelewa wenyewe.

GHALA ZA UJIJI

Ujiji uko kilometa chache kusini, na leo uko katika manispaa moja na Kigoma. Ni mji mkongwe, wenye miembe mikubwa na misikiti. Katika karne ya 19 misafara iliyoondoka Bagamoyo na kupitia Tabora ilikomea hapa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi: vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba nyeupe. Mizigo ilitua Ujiji na kungoja mitumbwi ya kuvuka ziwa. Kwa hiyo mji huu uliishi kwa kutunza mali ya watu. Hatuwezi kusimulia hayo bila huzuni, kwa kuwa pamoja na pembe za ndovu, watu pia walinunuliwa hapa na kupelekwa pwani katika minyororo.

Wazungu Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Dk. David Livingstone, mmisionari aliyekuwa akiupinga utumwa huo, alifika mara ya kwanza mwaka 1869, akaendelea na safari zake magharibi ya ziwa. Nyuma yake aliletewa bidhaa kutoka pwani, naye alizitegemea kwa chakula na kwa mishahara ya watu wake. Bidhaa hizo zilikuwa mikononi mwa mtu aitwaye Sherif.

Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa, amekonda, hana kitu. Akakuta bidhaa zote zimeuzwa. Katika shajara yake aliandika kwamba katika yadi 3,000 za kitambaa hakubakiziwa hata moja, na katika ratili 700 za shanga hakuachiwa hata uzi mmoja. Na Sherif alikuwa na udhuru gani? Alidai kuwa amepiga ramli, akaona kwamba mwenye mali amekwisha kufa.

Hapo tulitazamana. Tulianza kuielewa ile safu ya mwisho katika daftari.

Livingstone aliandika pia kwamba alijiona kama yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, wala hakutumaini kumwona Msamaria. Lakini alitokea mfanyabiashara Mwarabu, Syed bin Majid, akamwomba amruhusu auze pembe zake ili ampatie bidhaa. Mtu huyu hakuwa wa dini yake wala wa taifa lake. Livingstone alimwambia angoje kwanza, na muda si mrefu Henry Stanley akaingia Ujiji na shehena ya mahitaji. Mahali walipokutana pana mnara na jumba la makumbusho, chini ya miembe inayosemekana kuwa uzao wa ule wa zamani.

Akina mama wenzetu, tuusome tena mfano huo katika Luka 10. Huwa tunamsifu Msamaria, na kumsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimkabidhi mgonjwa, akampa dinari mbili, akaondoka. Mwenye nyumba angeweza kula dinari zile na kumtupa mgonjwa barabarani. Wema wote wa Msamaria ulitegemea uaminifu wa mtunzaji.

MELI ILIYOTUNZWA NA MAJI

Kigoma kuna kisa kingine kinachofundisha utunzaji. Wajerumani walileta meli Graf von Götzen vipande vipande kutoka Papenburg, wakaiunganisha hapa na kuishusha majini mwaka 1915. Julai 1916, waliposhindwa kuulinda mji, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito, ili maji yasiziharibu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mitambo ile ikafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 meli ilianza tena safari kwa jina la Liemba, ikawabeba watu wa ziwa hili kwa miongo mingi. Naam, grisi kidogo iliyopakwa kwa uangalifu iliokoa meli nzima.

Huko Uingereza nako wakulima wengi hufanya kazi iliyo ndugu na hii. Watu wa kule wana vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari wakati wa likizo, viitwavyo karavani, jina litokanalo na neno la Kiajemi lenye maana ya msafara. Mjini hakuna nafasi ya kuviweka, na majira ya baridi havitumiki. Basi mkulima huvipokea katika ghala lisilo na kazi au kiwanja kilichozungushiwa uzio, naye hulipwa kwa mwaka. Kinachouzwa ni nafasi na usalama, na vyote viwili mama wa shamba anaweza kuwa navyo.

MWENYE MALI ASIPORUDI

Tuliporudi Kibirizi jioni, mama mwenye daftari hakuhitaji maelezo mengi. Ziwa hili lina upepo mkali, na wavuvi huenda usiku. Wako wasiorudi. Mvuvi akifa, injini yake iko uani pa mtu, na mkewe huko kijijini pengine hajui hata kwamba ipo. Mtunzaji akinyamaza, hakuna atakayeuliza. Au watatokea ndugu wa marehemu kwa haraka, kabla ya arobaini, wadai wakabidhiwe. Mjane na yatima watabaki na matanga tu.

Kwa hiyo yeye na mumewe walipatana: hawapokei kitu bila kuandika jina la mke wa mwenye mali na mahali anapopatikana. Msiba ukitokea, mke huyo ndiye wa kwanza kupelekewa habari. Mali haitoki mpaka aje msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua yake. Wapo wateja waliokataa masharti hayo wakaenda kwingine. Mama alisema kwa upole kwamba hao Mungu awasaidie, ila yeye pia ni mke wa mtu.

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani. Maana kila mmoja wetu alijiuliza: mume wangu ameweka nini, na kwa nani, nami sijui?

KAMA UNATAKA KUANZA

1. Patana na mumeo kwanza. Ua ni wa wote wawili, na atakayeamka usiku mbwa wakibweka ni mmoja wenu.

2. Chagua mahali pa juu. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuingia katika makazi ya kando.

3. Andika kila kitu mbele ya shahidi, nakala mbili. Eleza hali ya kitu kabla hakijaingia, na kama injini ina ufa, uandikwe.

4. Mafuta yatolewe kwenye injini na tangi, na mwenye mali aondoke nayo. Petroli isilale karibu na jiko wala mahali wanapolala watoto.

5. Usitumie wala kuazima kitu ulichowekewa, hata kwa safari moja. Hapo ndipo uaminifu huanza kuvuja.

6. Kataa usichokijua. Ziwa lina mipaka ya nchi nne, na si kila gunia ni la halali. Nyavu zilizopigwa marufuku zisiingie kwako.

7. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, na uulize halmashauri kuhusu leseni.

Torati haikuiacha habari hii. Kutoka 22 inaeleza la kufanya mtu anapowekewa mali na jirani yake kisha ikaibwa au ikaharibika. Na Bwana wetu, katika Luka 16, anauliza ni nani atakayetupa kilicho chetu ikiwa hatukuwa waaminifu katika kilicho cha mwingine. Mama mpendwa, jioni hii muulize mumeo kwa upendo, kisha mwandike pamoja. Daftari la kurasa chache latosha.

Ya kuzungumza katika kikundi

– Je, katika mtaa wetu ni mali gani zinazokosa mahali salama pa kukaa?
– Je, kuna mjane miongoni mwetu ambaye mali ya marehemu mumewe iko kwa mtu? Tumsaidieje?
– Soma Luka 10:30-35. Mwenye nyumba ya wageni anatufundisha nini sisi tunaotunza vya wengine?